Maji ya paa na ya njia yanavyomaliza mtaji wa ghala Dranya

KOBOKO, Uganda

Mfanyabiashara wa Dranya anayesubiri bei ya mahindi ipande Kaya au Aru ana hesabu nyingi kichwani: nauli ya lori, ushuru, thamani ya shilingi dhidi ya pauni ya Sudan Kusini na faranga ya Congo. Hesabu moja husahaulika hadi usiku wa mvua kubwa. Ni hesabu ya maji yanayomwagika kutoka paa lake mwenyewe na kutoka njia inayopita mbele ya ghala lake.

Kaunti ndogo ya Dranya iko katika wilaya ya Koboko, iliyotengwa na Arua mwaka 2005, kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda inayokutana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Congo mwaka 2022, pande zote tatu za pembe hiyo zimo katika jumuiya moja. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na mzigo unaolala Dranya leo unaweza kuuzwa Oraba, Kaya, Ingbokolo au Arua kesho kutwa.

Kwa wafanyabiashara wengi wadogo, ghala ndilo benki. Fedha zote zimegeuzwa magunia ya mahindi, karanga, ufuta au muhogo mkavu, na zimelala sakafuni zikisubiri mnunuzi. West Nile hupata mvua kati ya Aprili na Novemba, na nyingi zaidi hunyesha kuanzia Agosti hadi Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mavuno ya msimu wa kwanza yamo ghalani. Mtaji unakuwa mkubwa wakati ule ule ambapo maji yanakuwa mengi.

Wafanyabiashara wa eneo hili wanajua vizuri hasara ya mafuriko barabarani. Novemba 2024, maji yalipofunika daraja la Tangi katika barabara ya Karuma, Olwiyo na Pakwach, magari ya West Nile yalilazimika kuzunguka, na hayo yalitokea wakati daraja la Karuma nalo likiwa limefungwa kwa matengenezo. Kila mtu aliliona tatizo hilo kwa sababu lilisimamisha malori. Maji yanayochimba msingi wa ghala moja kijijini hayatangazwi redioni, ingawa mwenye ghala hupoteza mzigo vile vile.

Hesabu ya jerikani

Chukua ghala lenye paa la mabati la mita 8 kwa 12. Eneo lake ni mita za mraba 96. Mvua ya milimita 40, ambayo inaweza kunyesha kwa alasiri moja katika msimu, itamwaga juu ya paa hilo lita 3,840. Hizo ni jerikani 192 za lita 20, na zote huanguka kwenye mstari mwembamba chini ya ukingo wa paa, karibu kabisa na ukuta.

Sasa hesabu njia. Kipande cha barabara chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 200 kina mita za mraba 1,200. Mvua ile ile itaweka juu yake lita 48,000, yaani jerikani 2,400. Lami hainywi maji, na murramu iliyoshindiliwa na magurudumu hunywa kidogo sana. Kama kipande hicho kinateremkia kwenye ua wako, maji ya njia yatakuwa zaidi ya mara 12 ya maji ya paa lako.

Ndiyo maana nyumba iliyokaa salama miaka mingi huanza kupata maji baada ya mabadiliko madogo mahali pengine. Jirani wa juu amebadilisha nyasi za paa kwa mabati. Ua umefagiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Njia ya miguu imepanuliwa ili lori lipite. Mvua haijaongezeka, ila sehemu za kuyanywa maji zimepungua na mahali pa kuyakusanya pameongezeka.

Kasi nayo ina hesabu yake. Maji yakikimbia mara mbili zaidi, nguvu iliyomo ndani yake huwa mara nne. Maji yaliyotawanyika juu ya nyasi hayachimbi. Maji yale yale yakibanwa katika mfereji mwembamba wenye mteremko mkali huchimba udongo, kisha huufuata msingi. Kazi yote ya kulinda kiwanja inatokana na jambo hilo moja: maji yashughulikiwe mapema, yakiwa bado machache na ya polepole, kabla hayajakusanyika.

Gunia lenye unyevu hukwama mpakani

Hasara ya maji haiishii kwenye ukuta ulioanguka. Mara nyingi ukuta unabaki umesimama, maji yanapanda taratibu kutoka chini ya sakafu, na gunia la chini linanyonya unyevu bila mtu kuona. Hapo ndipo kuvu huota, na kuvu huleta sumukuvu.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Kuvuka kiwango hicho kumeshagharimu wafanyabiashara wa Uganda. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti. Mwaka 2023 Sudan Kusini ilishikilia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda huko Nimule kwa madai hayo hayo.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuwa na karatasi zake zote. Utaratibu wa biashara rahisi wa jumuiya humwezesha kuvusha bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti chepesi cha asili. Cheti hicho hakikaushi mahindi. Mzigo ukikataliwa kwa unyevu, ushuru aliousamehewa hautamfaa kitu. Mtaro wa nyuma ya ghala, kwa hiyo, ni sehemu ya maandalizi ya safari ya mpakani sawa na karatasi zenyewe.

Tembea mvuani kwanza

Kazi huanza bila jembe. Mvua ikiwa inanyesha, na hakuna radi, mwenye kiwanja avae buti na kuzunguka eneo lake lote, kuanzia upande wa juu. Aangalie maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Vijiti vinne au vitano vilivyochomekwa kwenye sehemu hizo vitabaki kuwa ramani jua likitoka.

Mvua ikiisha, dalili nyingine huonekana. Matope yaliyorukia ukuta yanaonyesha urefu wa matone ya paa. Mizizi iliyo wazi inaonyesha udongo ulioondoka. Mchanga uliorundikana mbele ya kizingiti ni udongo wa mtu mwingine, na tundu jembamba linaloanza chini ya ukuta ni mwanzo wa korongo.

Makosa mengi hutokea kwa kuruka hatua hii. Mtu huchimba mtaro mahali anapoona maji yakimsumbua, kumbe yalipaswa kugeuzwa mita 20 juu yake, mahali ambapo jembe la nusu saa lingetosha.

Paa na msingi

Maji ya paa ndiyo rahisi kuyatawala kwa sababu njia yake inajulikana. Mfereji wa bati uliofungwa kwenye ukingo wa paa, ukiinama kidogo kuelekea kona moja, huyaondoa ukutani. Tangi la lita 5,000 lingepokea mvua yote ya milimita 40 kutoka paa la mita 8 kwa 12 likiwa tupu. Maji hayo yanafaa kwa kuosha, kujengea na kunyweshea mifugo katika kiangazi cha Desemba hadi Machi. Tangi lazima lifunikwe, la sivyo litazalisha mbu.

Jambo linalosahaulika ni bomba la kumwagia maji tangi likijaa. Lisipoelekezwa mahali, litamwaga maji yote sehemu moja chini ya tangi, na tangi lenye tani kadhaa za maji likisimama juu ya udongo unaoondoka litaegemea upande.

Asiye na fedha za tangi anaweza kuanza na mstari wa mawe na kokoto chini ya ukingo wa paa. Matone yataanguka juu ya mawe badala ya udongo, na ukuta wa matofali mabichi hautarukiwa na matope. Kando ya ukuta, ardhi ishindiliwe iteremke kwenda nje, angalau sentimita 5 kwa kila mita. Penye saruji, kibaraza chembamba kuzunguka ghala hufanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi. Ndani, magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite na unyevu wa sakafu usiyafikie.

Shimo la kunyonya maji lina nafasi yake, lakini lina mpaka. Shimo la mita moja na nusu kila upande lina nafasi ya lita 3,375 likiwa tupu. Likijazwa mawe, nafasi inayobaki kwa maji ni chini ya nusu ya hiyo. Linafaa kupokea ziada ya tangi, halitoshi kupokea paa zima, wala halifai kupokea maji ya njia yenye matope, kwani litaziba. Kabla ya kulichimba, jaribu kishimo kidogo: kijaze maji jioni, na kama asubuhi bado yamo, udongo huo haunyonyi vya kutosha. Liwe mita 5 au zaidi kutoka ukuta, mbali na choo na kisima, na lisiwe kwenye ukingo wa mteremko.

Mtaro mpana, wenye nyasi

Maji yanayotoka juu ya kiwanja hukatwa kwa mtaro unaopita kwa ubavu wa mteremko, juu ya ghala. Usichimbwe kushuka moja kwa moja, maana hapo unayaongezea maji mbio. Uteremke polepole, kama sentimita 1 kwa kila mita 1. Kipimo hicho hakihitaji mashine: mafundi hutumia mpira wa plastiki unaopenya mwanga, uliojazwa maji, na maji ya ncha mbili hulingana siku zote.

Mtaro uwe mpana na wa kina kidogo, wenye kingo zilizolala. Mtaro mwembamba wenye kuta zilizosimama huporomoka katika udongo wa mchanga. Ndani yake ioteshwe nyasi fupi zinazotambaa, na ukingo wa chini uoteshwe mabingobingo au vetiva, ambazo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulishwa mifugo au kuezekea.

Mahali ambapo mteremko ni mkali, weka vizuizi vidogo vya mawe kukatiza mtaro. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati na yasizunguke kula kingo. Kizuizi cha chini kiwekwe mahali ambapo kilele chake kinalingana na mguu wa kile cha juu. Kwa namna hiyo maji hushuka kama kwa ngazi, na mchanga unabaki nyuma ya mawe.

Mashariki mwa Afrika kuna utaalamu mkubwa wa kazi hii, na jina lake ni la Kiswahili. Vitabu vya kilimo vya dunia nzima huandika “fanya juu” kwa tuta linalojengwa kwa kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu. Njia hiyo ilienea Machakos, Kenya, eneo ambalo maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliliona kama lililoharibika kwa mmomonyoko. Programu ya taifa ya Kenya ya kuhifadhi udongo, iliyoanza 1974 kwa msaada wa Sweden, iliisambaza zaidi. Kwenye shamba lililo juu ya ghala, fanya juu moja au mbili hupunguza maji kabla hayajafika uani.

Kivuko cha wateja

Kosa moja la vituo vya biashara lina gharama kubwa. Mwenye duka anataka wateja na boda boda wavuke mtaro wa barabara hadi mlangoni kwake, hivyo anatupa udongo, magogo au magunia ya mchanga ndani ya mtaro. Mvua ya kwanza, maji yanakosa njia, yanapanda barabarani, yanaingia duka la jirani na kung'oa ukingo wa lami.

Kivuko kinahitaji karavati, na ukubwa wake usipungue ule wa karavati iliyo juu yake kwenye mtaro huo huo. Mdomo wake wa kutokea uwekewe mawe ili maji yasichimbe shimo. Kwa kuwa mtaro uko katika hifadhi ya barabara, ruhusa huombwa kwa ofisi ya mhandisi wa wilaya, au kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikiwa barabara ni ya taifa. Takataka nazo ni tatizo: mifuko ya plastiki inayoitwa kavera huziba karavati haraka kuliko udongo.

Maji ya mwisho ni ya nani

Swali gumu zaidi ni mahali mtaro unapoishia. Mtu anaweza kulinda ghala lake vizuri kabisa kwa kuyapeleka maji yote kwenye msingi wa jirani. Jirani naye huinua tuta, maji yanarudi au yanakwenda kwa wa tatu, na msimu haujaisha kabla kesi haijafika kwa mwenyekiti wa LC. Pande zote zimetumia fedha na hakuna aliye salama.

Njia yenye nafuu ni wenye viwanja vya mteremko mmoja kukubaliana mkondo mmoja kabla ya kuchimba, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na makubaliano yaandikwe. Kila mmoja azuie anachoweza kwenye kiwanja chake, kwa tangi, nyasi au matuta, ili kinachobaki kipite kwa mtaro wa pamoja hadi bondeni. Mwisho wa mtaro huo maji yatawanywe juu ya nyasi nene, yasimwagwe kutoka ukingoni. Bonde lenyewe lilindwe: kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 kutoka ukingo wa mito midogo zibaki bila ujenzi wala kilimo cha kuvuruga udongo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa.

Ng'ambo ya mpaka kuna onyo la kinachotokea pale ambapo swali hilo halijibiwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo zaidi ya 2,900 katika miji 26 ya Congo, na ukakadiria kwamba watu wapatao 118,600 walipoteza makazi kwa sababu yake kati ya 2004 na 2023. Mengi yako kwenye milima ya mchanga ambako mapaa na barabara zilijengwa haraka, na maji yake yakaachiwa yatafute njia. Korongo hilo likishafika kina cha nyumba, familia haina uwezo wa kulifukia. Lilipokuwa na kina cha goti, majirani watano wangeweza kulifunga kwa mawe na nyasi.

Kabla ya Aprili

Kazi nyingi kati ya hizi hufaa kiangazi, udongo ukiwa mkavu na vibarua wakiwa na nafasi. Mitaro izibuliwe na mifereji ya paa ifagiliwe Februari na Machi. Nyasi zipandwe mvua za kwanza zinapoanza, ziwe zimeshika kabla ya Agosti. Baada ya kila mvua kubwa, mtu azunguke tena na kurudisha jiwe lililosogea.

Mwenye uwezo mdogo anaweza kufuata mpangilio huu: kwanza ayageuze maji yanayoingia kutoka juu, pili ayaondoe ya paa ukutani, tatu ainue magunia, na tangi lije mwisho fedha zikipatikana. Hatua mbili za kwanza zinahitaji jembe, mawe na siku chache za kazi. Mzigo uliokaa mkavu hadi Oktoba ndio utakaopimwa unyevu Oraba au Vurra na kuruhusiwa kupita.